Paa langu liliruka usiku, na swali halikuwa bati

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mokowe, gati ya bara inayotazamana na kisiwa chetu cha Lamu, aliniandikia. Anajenga vyumba vitatu na baraza, kuta zimefika juu, na fundi amemwahidi kwamba kusi halitaanza kuvuma nyumba ikiwa wazi. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, paa lako nimeliona kwenye picha. Ulinunua bati gani?"

Nimelisoma hilo swali mara tatu na moyo ukanienda mbio, maana ndilo nililokuwa nikimuuliza kila mtu mwaka 2022. Kila mtu alinijibu, na majibu yote yalihusu bati: geji, rangi, bei, duka. Nikanunua bati. Usiku mmoja wa Juni 2024 bati lote la upande wa kusini likaondoka juu ya kichwa cha mamangu.

Basi dada, nitakujibu, lakini kaa kitako, jibu lenyewe lina safari. Na nyinyi wengine mnaosoma hapa, najua mnachokitaka ni kile kile nilichokitaka mimi: nyumba yako, kiwanja chako, kodi ya mwisho wa mwezi iwe hadithi ya zamani. Habari ya kutafuta kiwanja na kupandisha kuta naiacha. Ilinichukua miaka minne na haina cha kufundisha zaidi ya kuvumilia.

Nimezaliwa Matondoni, chini ya makuti. Ami yangu ndiye aliyekuwa akituezekea. Alikuwa nahodha wa jahazi, na bahari ikichafuka anashuka, anashona viungo. Paa la makuti lina raha yake. Joto halikai, mvua inaimba, upepo ukija kwa nguvu unapenya kidogo na paa linapumua nao. Lakini mimi nimekua nikiogopa moto. Faza, kule kisiwa cha Pate, ilipoungua mwaka 2009 nilikuwa nimeshaolewa, na nakumbuka watu wa kule walivyokuwa wakieleza: cheche inaruka kuti hadi kuti, na kabla ya maji kufika, mtaa umekwisha. Nikaapa kwamba nyumba yangu haitakuwa na kuti hata moja. Sijutii uamuzi huo hadi leo.

Kiwanja chetu kiko nyuma ya Langoni, nje ya Mji wa Kale. Wewe ukiwa ndani ya Mji wa Kale, ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, usiguse paa kabla ya kuuliza watu wa makumbusho, kwa kuwa kule kuna masharti ya kujenga. Na kusema kweli, wazee waliojenga zile nyumba za mawe hawakuhitaji ushauri wangu. Kuta nene za matumbawe, dari bapa juu ya boriti za mkandaa, mawe na chokaa juu yake. Upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa boriti. Upepo unafika pale hauna pa kushika. Ni sisi wa huku nyuma, wenye mapaa ya kuinuka na mabati mepesi, ndio tuliompa upepo mkono wa kushika.

Mabati yangu ya kwanza yalikuwa geji 30. Kwa asiyejua, namba ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 26 ni nene zaidi. Mwenye duka hakunieleza hilo, nami sikumuuliza. Nilikuwa nimeshapenda rangi, nyekundu ya matofali. Mzigo ukaja kwa lori hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, ukapanda kutoka gatini kwa mikokoteni kwenye vichochoro, na mimi nikitembea nyuma yake kama anayesindikiza bibi harusi. Ile furaha siwezi kuisahau.

Fundi naye alikuwa mtu wa maneno matamu. Nilimuuliza jambo moja tu, nalo nililiuliza kwa sauti ya chini kwa kuwa mume wangu alikuwa Mombasa na nilijiona sina elimu ya mambo hayo: "Fundi, hizi mbao zimeshikwa na nini huku kwenye ukuta?" Akacheka. Akasema, "Mama, hapa ni Lamu. Tufani ziko Madagaska." Vijana wake wakacheka pia. Nikashuka, nikaenda kuwapikia chakula cha mchana.

Kicheko kile bado kinaniuma, sitaficha. Swali langu ndilo lililokuwa swali.

Na alichosema kuhusu tufani kilikuwa nusu ya ukweli, ndiyo maana kilinilaza. Vimbunga vikubwa vya Bahari ya Hindi ni nadra kufika karibu na Ikweta, na Lamu iko nyuzi mbili na kidogo tu kusini mwake. Vinakwenda zaidi Madagaska, Msumbiji, na kwa ndugu zetu wa Ngazija, kama Kenneth mwezi wa Aprili 2019. Lakini mwezi wa Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Kilipiga pwani ya Tanzania karibu na Mafia, na huku kwetu Idara ya Hali ya Hewa ikatoa onyo la upepo mkali na mawimbi. Boti zilifungwa. Sisi tulikaa ndani tukisoma nyiradi. Asubuhi nikatoka nje, nikalitazama paa langu jekundu, limetulia. Nikapiga picha nikaituma kwa kila mtu. Niliandika: "Alhamdulillahi, fundi wangu ni fundi."

Wiki tano baadaye ikaja dhoruba isiyo na jina. Ilikuwa mvua ya kusi kama zile tulizozizoea, yenye upepo wa mbele unaofika ghafla, unapiga robo saa na kupita. Ilikuwa kama saa nane za usiku. Kwanza nilisikia kitu kikipasuka juu ya ukuta wa kusini. Kisha mlango wa ndani ukajifunga wenyewe kwa kishindo, masikio yakaziba, na paa likaanza kupiga mbawa. Sina neno jingine. Lilipiga mara tatu au nne, halafu sauti ikakoma na nikaona mawingu. Mamangu alikuwa amekaa kitandani, mvua inamwagika kwenye chandarua, ananiuliza kwa upole kama dirisha limeachwa wazi.

Hakuna aliyeumia. Bati moja lilikutwa juu ya mwarobaini, mengine yalitapakaa njiani, na moja lilikwenda kukata hori la punda wa jirani. Punda mwenyewe alikuwa amefungwa hatua tatu kutoka hapo. Kila nikilikumbuka hori lile hunijia sura ya mwanawe jirani, ambaye jioni hucheza palepale. Bati linaloruka ni panga lisilo na mwenyewe.

Fundi nilimpigia asubuhi. Alisema, "Pole mama, ni kazi ya Mungu," na baada ya hapo simu yangu haikupokelewa tena. Shemeji yangu mmoja, arusini, mbele ya watu, akaiita nyumba yangu nyumba ya upepo. Nilikula wali wangu nikanyamaza.

Aliyenifungua macho ni ami. Alikuja kwa punda kutoka Matondoni, mzee wa miaka zaidi ya sabini, akaomba ngazi. Nikamwambia ami usipande, akapanda. Alikaa juu ya ukuta muda mrefu akipapasa mbao, kisha akashuka na kipande cha bati akaniwekea mapajani. "Tazama tundu hili," akasema.

Nikalitazama. Tundu la msumari huwa duara, la ukubwa wa punje ya mtama. Hili lilikuwa refu kama jicho la samaki wa kukaushwa, kingo zimepinda juu na chini, na rangi imemenyeka pande zote mbili. Pembeni yake kutu ilikuwa imeanza kula kutoka chini, upande wasiouona watu. Bati lile halikung'oka usiku mmoja. Lilikuwa limetikiswa miezi kumi na minane, kila kusi na kila kaskazi, likitanua tundu lake kidogo kidogo. Hidaya alililegeza, dhoruba ya Juni ikalichukua. Kipande kile ninacho hadi leo, kiko kwenye rafu ya sebuleni, na wageni huniuliza ni cha nini.

Ami akanieleza kwa lugha ya kazi yake. Bati ni tanga, alisema. Tanga bila henza na demani, kamba za kulipandishia na kulizuilia, halikai chomboni, litakwenda na upepo, na likifungwa upande mmoja litapasuka. Akaniuliza bati limefungwa kwa nini: misumari. Hizo mbao za kulalia bati zimefungwa kwa nini kwenye kombamoyo, ule mti unaoshuka na mteremko wa paa? Msumari mmoja mmoja. Kombamoyo limefungwa kwa nini kwenye mwamba, ile mbao iliyolala juu ya ukuta? Msumari. Na mwamba wenyewe? Hapo tulipanda wote wawili. Mwamba ulikuwa umelazwa tu juu ya ukuta, umezungushiwa saruji kama keki. Haukufungwa kwa chochote. Paa langu zima, na pesa zangu za miaka minne, lilikuwa limekaa juu ya nyumba kama kofia juu ya kichwa.

Upepo, dada yangu, ukipita juu ya paa haulikandamizi. Unalinyonya. Mimi nilidhani paa huanguka, kumbe paa huondoka. Kijana wangu wa kidato cha nne alinipigia hesabu mezani: upepo wa kilomita 50 kwa saa una nguvu ya kilo 12 hivi kwa kila mita ya mraba, na ukifika kilomita 100 haiwi kilo 24, inakaribia 48, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Bati la geji 30 lenyewe halifiki kilo 3 kwa mita ya mraba. Halafu kwenye pembe, upenuni na kwenye mgongo wa paa kunanyonywa zaidi ya katikati. Sasa uzito wa bati utakusaidia nini? Linaloshika paa ni kamba yake, tangu bati hadi msingi, na kamba hiyo ina nguvu sawa na fundo lake bovu kuliko yote.

Kile kilichopasuka kwanza usiku ule hakikuwa bati la juu. Kilikuwa ukuta. Ile pembetatu ya juu, chini ya mgongo wa paa, fundi alikuwa ameiziba kwa mabaki ya bati na mbao nyembamba, na mimi niliona ni sehemu ya urembo tu, nikaipaka rangi nyeupe. Iliponyofoka, kusi liliingia ndani ya nyumba likasukuma kutoka chini huku juu linanyonya. Hapo hata mtoto angelibeba. Kwa hiyo mtu akiniambia paa ni kitu kimoja na ukuta ni kitu kingine, namwambia aje aone hori la punda.

Paa la pili tulijenga mwisho wa mwaka ule ule, kwa mkopo wa chama. Fundi mpya ni kijana aliyefanya kazi ya maboti kabla ya nyumba, na hilo peke yake lilinipa imani. Alitoboa mkanda wa zege wa juu ya ukuta kila baada ya mita moja, akaubana mwamba kwa boliti. Kila kombamoyo likavishwa ukanda wa chuma wenye zinki, unapita juu ya mgongo wake na kushuka pande zote mbili, ukapigwa misumari kwenye mwamba. Paa likawa la vipaa vinne, kwa hiyo pembetatu ya kuzibwa haipo tena, na upepo ukija upande wowote unakutana na mteremko. Mteremko wenyewe ni kama nyuzi 30; lile la kwanza lilikuwa limelala mno. Upenu tukaukata, haufiki nusu mita. Nilitaka upenu mrefu wa kivuli, nikakataliwa, na nikapewa paa la baraza lililojitenga, ili likiondoka liondoke peke yake.

Mwezi ule wa Desemba, tarehe 14, kimbunga Chido kilipiga Mayotte. Nilikuwa dukani nanunua skrubu, na kwenye simu ya mwenye duka tukaona picha za vilima vizima vilivyojaa mabati yaliyokunjwa kama karatasi. Niliongeza pakiti mbili za skrubu palepale.

Skrubu, na sio misumari: zile zenye kofia pana na mpira chini yake, zinapigwa kwenye mgongo wa wimbi la bati na sio bondeni ambako maji yanapita. Zikazwe mpaka mpira ukae sawa, sio mpaka ubanjuke. Kingoni, upenuni na kwenye kofia ya paa tulipiga karibu karibu kuliko katikati. Nilipanda mwenyewe kuzihesabu. Mwaka 2022 ningeona haya, mke wa mtu kupanda ngazi vijana wakitazama. Mwaka 2024 nilivaa suruali chini ya dera nikapanda.

Na bati? Haya, nakujibu sasa. Nilichukua geji 28, lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, kwa sababu ya chumvi. Hewa yetu inakula chuma. Upande wa juu mvua huuosha, lakini chini ya upenu chumvi inakaa haioshwi, na huko ndiko kutu huanzia, kama lile tundu la ami lilivyonionyesha. Kiangazi naosha chini ya upenu kwa maji ya kisima yasiyo ya chumvi na ufagio mrefu. Pia usikubali bati likatwe kwa mashine ya cheche. Zile cheche ni chembe za chuma, zinaganda juu ya rangi na kila moja inazaa doa la kutu. Mkasi wa bati unachosha mkono lakini ndio wenyewe. Ila nakuomba usiondoke hapa ukikumbuka geji 28 peke yake, utakuwa umenisoma kama nilivyowasikiliza watu mwaka 2022.

Ukuta wa kusini pia ulinitesa, na huu niliuharibu mimi, sio fundi. Niliupiga lipu ya saruji kwa mchanga wa ufuoni, wa bure. Chumvi iliyokuwemo ilivuta unyevu, lipu ikafura na kubanduka vipande vikubwa, na mvua ya kusi ikaingia kwenye mawe. Sasa tumepiga chokaa kama wazee. Matumbawe yanavuta maji na kuyatoa, na chokaa inayaruhusu yatoke. Saruji ngumu inayafungia ndani. Jiko la nje nimelizungushia mbao za kupandiana, kila ubao umelalia ule wa chini yake ili maji yateleze nje, na nyuma yake kuna nafasi ya hewa kupita. Kila ubao umepigwa kwenye kila nguzo. Narudia, kila nguzo. Fundi atakwambia moja katikati inatosha.

Nawaambia hasa nyinyi akina mama mnaojenga waume wakiwa mbali: pandeni ngazi. Ulizeni kila mbao imefungwa na nini, na mkichekwa ulizeni tena. Pesa ni zenu na vichwa vitakavyolala chini ya paa lile ni vya watoto wenu. Na nyinyi mafundi, msimsingizie Mwenyezi Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia yule bedui amfunge ngamia kisha atawakali, yaani amtegemee Mungu. Fundi wangu wa kwanza alitawakali kwa ngamia wa mtu mwingine, tena bila kumfunga. Kumwambia mama mzee aliyelowa kitandani kwamba ni kazi ya Mungu, na wewe ndiye uliyeacha mwamba bila hata waya, ni dhambi. Nimeshasema, na nikikutana naye nitamwambia usoni.

Kusi lote la 2025 limepita juu ya paa hili. Usiku ule mbaya wa Julai, ulioangusha mnazi wa msikitini, mamangu hakuamka. Shemeji yangu alikuja mwezi wa Septemba, akazunguka nyumba mara mbili bila kusema kitu, kisha akaniomba namba ya fundi. Nilimpa.

Sasa dada wa Mokowe, umesema mkanda wa juu wa zege unamwagwa Jumamosi. Hilo ndilo lililonifanya niandike usiku huu badala ya kungoja, maana mimi ilinibidi nitoboe zege lililokauka, na wewe bado una bahati. Mwambie fundi akate nondo za milimita 8, azifunge kwenye vyuma vya mkanda kila baada ya mita moja, na kwenye pembe aziweke mbili mbili. Ziachwe ndefu juu, za kutosha kuuzunguka mwamba na kurudi kujifunga. Asimwage zege mpaka uzihesabu. Boti ya kwanza ya asubuhi nitakuwemo, na nitakuja na lile bati la ami ulishike mwenyewe.